Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

Inspekta Wei Hsiu-luan hakuanza na mashine. Alianza na mlango. Aliukagua ukingo wake, kitasa chake, na kile kidude cha namba kilichobandikwa ukutani, akaridhika kwamba hapakuwa na mkwaruzo wala alama ya nyundo. Mwizi, kama kweli palikuwa na mwizi, alibonyeza namba sahihi, akausukuma mlango, akaingia kama mtu wa nyumbani.

"Namba hii inajulikana na nani na nani?" aliuliza.

"Na watu watatu," alijibu Mkurugenzi Kang Wen-bin, mwenye ofisi. "Mimi, Yen Chi-hung, na yule nyoka."

"Nyoka ana jina?"

"Tu Pei-shan. Ndiye aliyekuwa akiniandikia programu. Mkamate, Afande, tumalize. Leo mchana wajumbe wa kata wanataka kuiona programu yangu kwenye kituo cha wazee, waamue kama wataipokea kwenye vituo vyote au wataniambia kwaheri. Wakisema kwaheri, ofisi hii naifunga."

Sajini Pao Tung-ming, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliandika majina hayo huku akitafuta mahali pa kukaa pasipo na waya. Hapakuwapo.

Kang alikuwa ametumia nusu ya maisha yake hapa Taichung akitengeneza kalibu za soli za viatu. Viwanda vilipohamia ng'ambo, alikodi ghorofa hii ndogo juu ya duka la kifungua kinywa, akaajiri vijana wawili, na kwa pamoja wakaunda programu ndogo ya kutazamia televisheni ya mtandao. Mtu mzima asiyeona vizuri hubonyeza kitufe kimoja kikubwa, akapata opera yake, au habari, au besiboli, bila kumsumbua mjukuu kwa simu. Jina lake lilikuwa Kitufe cha Bibi.

"Lakini nimeambiwa programu bado inafanya kazi kwenye televisheni ya kituo," alisema Inspekta Wei.

"Inafanya. Ile ni kiatu, Afande. Kilichopotea ni kalibu! Msimbo wenyewe, maandishi yote ambayo programu imejengwa kwayo. Bila huo siwezi kuongeza kitu, siwezi kurekebisha kitu. Wazee wakiniuliza kesho, 'Bwana Kang, tuongezee herufi ziwe kubwa,' nitawajibu nini?"

"Nakala?"

"Hakuna. Kwangu kalibu haitoki kiwandani. Nimewasainisha mkataba: msimbo unakaa kwenye mashine hii moja, ndani ya kabati hili, na atakayeutoa nje hata kwa dakika moja ni mwizi na nitamshitaki kama mwizi."

"Na ile diski ya akiba?"

"Imefutwa nayo."

Mafundi wa polisi walikwisha kueleza jambo hilo asubuhi na mapema. Diski ya akiba iliunganishwa na mashine kwa namna ya kuiga kila kinachotendeka. Mashine ilipofutwa, diski nayo ikafuata kwa utiifu. Walieleza pia kwamba jambo hilo lilitendeka Jumamosi jioni, fainali ya besiboli ikiwa inaendelea, nchi nzima ikiwa imeganda mbele ya televisheni. Kamera ya uchochoroni haikuona kitu: mwenye duka la chini alikuwa ameifunika kwa bendera ya timu ya taifa.

Inspekta Wei alivaa glavu, akafungua kabati. Mashine ilikuwa nyeusi, haikuwa kubwa kuliko sanduku la viatu. Juu yake ilikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi.

"Angalau mlinzi wake alikuwapo zamu," alisema Sajini Pao.

Hakuwa anafanya mzaha mtupu; nchi nzima watu huamini kwamba pakiti hiyo ikikaa juu ya mashine, mashine hutulia isiharibike. Benki ina pakiti yake, hospitali ina yake, na hata redio ya kituo chao cha polisi ilikuwa na yake. Kijani, kama taa ya mashine iliyo salama. Hailiwi ikiwa kazini, na haiachwi ipitwe na tarehe.

"Upuuzi wa vijana," alisema Kang. "Walipoiweka ile ya kwanza nilinyamaza, lakini niliwaambia, hii ni ofisi, si banda la kulishia mashine. Sitaki kuona nyingine."

Inspekta Wei aliinua pakiti kwa ncha za vidole, akasoma tarehe iliyopigwa chapa nyuma. Ilikuwa ya mwaka ujao. Kisha akainama, akatazama mahali ilipokuwa imekaa. Vumbi lilikuwa limechora umbo la pakiti juu ya mashine, lakini umbo lile lililala upande mwingine, kidogo kushoto.

"Pao, piga picha hapa. Vumbi kwanza, pakiti baadaye."

"Kuna nini, Afande?" aliuliza Kang.

"Kuna vumbi," alijibu Inspekta, akafunga kabati.

Tu Pei-shan walimkuta chini, katika duka la kifungua kinywa, mbele ya bakuli la maziwa ya soya ambalo alikuwa hajaligusa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, macho ya mtu aliyezoea kusoma vitu vidogo. Mkurugenzi alikwisha kumfungia mlango wa juu, naye hakutaka kuondoka.

"Dada Tu, naweza kukaa?"

"Kaa, Afande. Wengine wote wamekwisha kunihukumu. Wewe angalau umeomba kiti."

"Ijumaa uligombana na Mkurugenzi."

"Alitaka tuweke matangazo katikati ya opera. Nikamwambia, ukipachika tangazo la dawa ya meno pale mwimbaji anapolia, bibi wa watu atadhani mwimbaji anaumwa jino."

Sajini Pao alikohoa ndani ya kikombe chake.

"Naye alijibu nini?"

"Kwamba niliajiriwa kuandika, si kufikiri. Nikamwambia basi anunue taipureta, haina mdomo."

"Na Jumamosi mchana ulikwenda Kaohsiung, kwa kampuni inayotengeneza programu kama yenu."

Kijiko kilisimama ndani ya bakuli. "Nani amewaambia?"

"Wenyewe. Sajini aliwapigia simu."

"Basi wangewaambia na mengine! Waliniita, nikaenda. Nikala bata wao, nikausifu mchuzi, kazi nikaikataa. Nimekaa na Kitufe cha Bibi mwaka mzima, Afande. Nimwachie nani?"

"Wanasema ulikula na kukataa," alikiri Inspekta. "Mkurugenzi anasema ulikwenda kupatana bei, ukarudi jioni kuuchukua mzigo. Jioni ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu, nimelala."

"Wakati wa fainali?"

"Mimi besiboli inanilaza kuliko vidonge."

"Shahidi wako?"

"Paka wa mwenye nyumba. Mwiteni, ila hapendi polisi."

Inspekta Wei aliacha maneno hayo yapite. Alimimina chai yake, akauliza kama mtu anayetafuta la kuzungumza, "Mlinzi wa mashine yenu mlimchagulia ladha gani?"

"Nazi, ya kijani. Kwani kuna nyingine? Niweke ya njano, taa zote zianze kulalamika?" Pei-shan alilisukuma mbali bakuli lake. "Ila usiniulize habari za pakiti ile, naona aibu. Imepitwa na tarehe. Ijumaa nilidhamiria kuibadilisha, huyu mzee akanitoa nje na kelele zake. Mashine imelala na mlinzi maiti, na ndiyo maana haya yametupata."

"Bado ipo ile ya zamani?"

"Ipo. Nani angeibadilisha? Bosi?"

Walipotoka barabarani, Sajini Pao alisema kwa sauti ya chini, "Hajui kama imebadilishwa, Mkuu."

"Au anajua kusema kama asiyejua. Usimsafishe mapema. Twende kwa yule mwingine."

Yen Chi-hung aliwapokea ngazini, akiwa na kisanduku cha nyaya begani. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyekuwa amevaa koti ingawa joto lilikwisha kuwa kali kiasi cha kumfanya Sajini afungue kifungo cha shati. Mkono mmoja ulishika kisanduku. Mwingine ulikuwa mfukoni na haukutoka hata alipowaamkia.

"Kazi yako hapa ni ipi?"

"Rangi na vitufe, Afande. Kila kinachoonekana kwenye skrini ni changu. Na mimi ndiye ninayekwenda kituoni kila Ijumaa kuwajaribisha wazee."

"Na kisichoonekana?"

"Cha Dada Pei-shan. Namna picha zinavyotoka mtandaoni na kuingia kwenye televisheni, hiyo ni jikoni kwake. Mimi sigusi."

"Unadhani ndiye aliyechukua?"

Chi-hung alitazama viatu vyake. "Siwezi kudhani mambo kama hayo, Afande."

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, na mama alikuwa amekwenda hekaluni na wenzake. Nilitazama fainali kwa programu yetu wenyewe. Niliona ndilo jaribio kubwa kupita yote: usiku wa fainali, kila mtu yuko mtandaoni."

"Ilifanyaje?"

"Vizuri ajabu!" Kwa mara ya kwanza uso wake ulichangamka. "Picha safi, haikukatika. Na mpigaji wetu alipoutoa mpira nje ya uwanja pale mwisho, niliruka kutoka kochini, na mtaa mzima ukaruka pamoja nami. Mpira unapaa, na papo hapo nasikia jirani yangu ukutani anapiga yowe, uchochoro mzima unapiga yowe. Kama tuko uwanjani."

"Papo hapo."

"Papo hapo, Afande. Ndiyo raha ya kutazama na watu."

Sajini Pao aliandika. Inspekta Wei alimshukuru kijana, akamwuliza anakoelekea na kisanduku kile. Alikuwa anakwenda kituo cha wazee, kuiandaa televisheni kwa ajili ya mchana.

"Tutakufuata," alisema Inspekta. "Nami napenda kuiona hiyo televisheni yenyewe."

Kituo cha wazee cha kata kilikuwa na vyumba viwili vikubwa vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Katika chumba cha ndani wanaume walicheza sataranji yao mbele ya televisheni kuukuu ya antena, ambayo walikuwa wamekataa isiguswe na mtu. Katika chumba cha mbele wanawake walikuwa wamekaa mbele ya televisheni mpya yenye Kitufe cha Bibi, wakimenya karanga. Asubuhi ile televisheni zote mbili zilionyesha kitu kimoja. Stesheni ilikuwa ikirudia fainali ya jana, na hakuna aliyekuwa tayari kutazama kitu kingine.

Katikati ya wanawake alikaa Bibi Luo, mwenyekiti wao, mama wa miaka themanini na zaidi aliyevaa kofia ya timu juu ya nywele zilizosukwa. Yeye ndiye ambaye neno lake lingetangulia siku ile wakati wa kuamua.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Inspekta. "Njoo ukae hapa, ule karanga. Wewe ndiye polisi? Mbona umekonda hivyo? Hawawalishi?"

"Wanatulisha, Bibi. Hiyo televisheni unaionaje?"

"Ina picha nzuri. Kitufe ni kikubwa hata kipofu anakiona. Lakini subiri. Kaa uone."

Kwenye skrini, mtupaji wa timu pinzani alikuwa bado anausugua mpira kwenye paja lake. Kutoka chumba cha pili ukaja mlio wa ghafla: wazee wa sataranji wakapiga yowe, mtu akapiga meza, vipande vya sataranji vikamwagika sakafuni. Wanawake hawakushtuka hata kidogo. Bibi Luo alimenya karanga nyingine. Mtupaji akatazama kushoto, akatazama kulia. Wanaume kule ndani wakaanza kuokota vipande vyao na kulaumiana. Mtupaji akajinyoosha. Hatimaye akatupa, na mpigaji akaupiga mpira ukapotea angani, na wanawake wakasema, "Haya," kwa sauti ya watu wanaopokea chenji.

"Umeona?" alisema Bibi Luo. "Televisheni yenu hii inafika kama mgeni aliyekosa basi. Wenzetu wamekwisha kula, wamekwisha kuosha vyombo, ndiyo anabisha hodi!"

Wanawake walicheka. Chi-hung, aliyekuwa nyuma ya televisheni akifunga waya, hakucheka.

Inspekta Wei alisogeza kiti karibu na mwenyekiti. "Bibi, inachelewa hivi tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kila Ijumaa namwambia huyu mwanangu Yen. Ijumaa iliyopita nilimwambia mbele ya wote: usipoiharakisha, mimi narudi kwa wale wanaume na antena yao. Maskini, masikio yalimwiva."

"Na jana? Wakati wa fainali yenyewe?"

"Jana ndiyo usiseme. Tuliitazama hapa hapa. Tulijua tumeshinda kabla mpira haujatupwa!"

Inspekta alimgeukia kijana. "Yen, kwa nini inachelewa?"

"Ndivyo televisheni ya mtandao ilivyo, Afande," alijibu Chi-hung polepole. "Programu inakusanya picha kwanza, kama mtu anayejaza pipa, kisha ndiyo inammiminia mtazamaji. Mtandao ukisuasua, pipa bado lina maji, picha haikatiki. Lakini pipa likiwa kubwa..." Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

"Likiwa kubwa, jirani mwenye antena hupiga yowe kwanza," alimalizia Inspekta Wei. "Njoo jikoni, tuzungumze. Sajini, mpigie Dada Tu aje. Na Mkurugenzi."

Jikoni palikuwa na sufuria kubwa ya chai na harufu ya tangawizi. Inspekta alifunga mlango, akasimama akiuegemea.

"Uliniambia mpira ulipaa na papo hapo uchochoro ukapiga yowe. Kwenye televisheni ya mtandao jambo hilo halikutokea jana kwa mtu yeyote anayetumia programu yenu. Kwa hiyo hukuwa kwenye kochi. Uliisikia ile kelele, lakini uliisikia ukiwa mahali pasipo na televisheni. Ukabuni iliyobaki. Ulinieleza programu unayoitamani, Yen, si ile mliyo nayo."

Chi-hung alirudi nyuma hatua moja.

"Sasa kuhusu pakiti. Dada Tu anaamini ile iliyopitwa na tarehe bado ipo. Mkurugenzi hawezi kununua pakiti hata ukimlipa. Lakini aliyeingia jana aliiondoa ya zamani na kuweka mpya, ya kijani, yenye tarehe ya mwaka ujao. Niambie, Sajini, mtu anayekwenda kuiba mashine ya watu au kuiua, humwekea mlinzi?"

"Hamwekei, Mkuu," alisema Pao, aliyekuwa amerudi na kusimama nje ya dirisha la jikoni. "Huyo alitaka mashine iamke vizuri kesho yake."

"Alikwenda kutengeneza," alisema Inspekta. "Alikwenda kulipunguza pipa kabla ya leo, kwa sababu Bibi mmoja alimwaibisha mbele ya watu. Alichagua saa ya fainali kwa kuwa hakuna atakayemwona. Ndipo mkono ukateleza."

Kijana aliketi juu ya gunia la mchele. "Nilimaliza," alisema. "Nilikuwa nafuta majalada yangu ya muda tu, yale ya kujaribia, nisiache alama. Nje watu wakapiga yowe. Nikashtuka, nikabonyeza. Kishale kilikuwa kimesimama kwenye jalada kubwa lenye msimbo wote, Afande. Nilipotazama, hakuna kitu. Nikasema diski ya akiba ipo. Nikatazama diski, nayo inafuta, inafuta, siwezi kuizuia."

"Nakuamini. Lakini hujamaliza." Inspekta Wei alisogea karibu. "Mtu anayeogopa kuigusa mashine kabla ya kumbadilisha mlinzi wake hawezi kuugusa msimbo wa mwenzake kabla ya kuunakili. Tangu asubuhi umevaa koti kwenye joto hili, na mkono wako umekaa mfukoni kama umeshonewa humo. Toa mkono, Yen."

Mkono ulitoka. Katika kiganja kilichoroa jasho kulikuwa na kifimbo kidogo cha kumbukumbu, cha kuchomeka kwenye kompyuta, si kikubwa kuliko ganda la karanga.

"Msimbo wote?"

"Wote. Kama ulivyokuwa kabla sijaugusa."

"Umekuwa nao tangu jana jioni."

"Mkataba unasema anayeutoa nje ni mwizi. Nikiurudisha, mwizi ni mimi."

"Na usipourudisha, mwizi ni Dada Tu."

Chi-hung alikitazama kile kifimbo kiganjani.

"Saa nane Mkurugenzi angetia sahihi hati ya mashitaka, na mimi ningelazimika kumpeleka kituoni mwanamke ambaye hakufanya lolote ila kulala," alisema Inspekta Wei, bila kupandisha sauti. "Ulikuwa na watu wawili wa kuchagua. Ukamchagua yeye. Hilo halimo kwenye sheria yangu, ila utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, akifika. Na maelezo yako kwa Sajini utayaandika kwa mkono wako, pamoja na ule uongo wa kochini."

"Nitamwambia," alisema kijana.

Walifika karibu kwa wakati mmoja: Kang akiwa na hati yake ya mashitaka mkononi, Pei-shan akiwa na kompyuta yake mgongoni, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Chi-hung alisema mbele yao wote, amesimama, bila kujitetea. Aliposema kwamba aliacha jina la Pei-shan libebe kosa lake, sauti ilimkatika, akairudia sentensi tangu mwanzo ili isikike.

Pei-shan alishusha kompyuta yake mezani. "Umeleta pakiti mpya?"

"Ndiyo, Dada."

"Basi kuna kitu kimoja ulichofanya sawasawa."

Kang alikuwa mwekundu. "Mwizi ni huyu basi! Afande, mwandike huyu. Ametoa kalibu nje ya kiwanda!"

"Unashitaki kwamba kitu chako kimepotea, Mkurugenzi?"

"Kimepotea!"

Inspekta Wei alikiweka kile kifimbo juu ya meza ya jikoni, kati ya vikombe. "Kiko hapa. Na sasa nikuulize wewe, kwa kuwa ni mwenye kiwanda. Kijana huyu angeitii sheria yako jana, asingenakili. Mkono wake ungeteleza vilevile, na leo ungekuwa na nini cha kuwaonyesha wazee? Kama bado unataka kushitaki, Sajini ana kalamu. Nitaandika kila neno, pamoja na hilo."

Kutoka chumba cha mbele ilisikika sauti ya Bibi Luo ikiuliza kama polisi wamekuja kunywa chai yote. Kang aliitazama hati yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

Pei-shan alikwisha kukichukua kile kifimbo. Alifungua kompyuta yake juu ya meza, akasita kabla ya kukichomeka.

"Mkurugenzi," alisema, "nyoka anaomba soketi ya umeme."

Kang alifungua mdomo. "Msimbo hau..." alianza. Aliona macho yote ya jikoni yamemwelekea, na ya Sajini yakiwa na kalamu chini yake. Akainama mwenyewe, akachomoa waya wa jiko la wali, akachomeka waya wa kompyuta. "Samahani, Dada Tu," alisema akiwa bado ameinama, ambako pengine kusema kulikuwa rahisi zaidi.

Pei-shan alikichomeka kifimbo, akaanza kazi. "Uligusa wapi?" alimwuliza Chi-hung. Kijana akamwonyesha kwa kidole. "Hapo ungelimwaga pipa zima, picha zikatike kila dakika. Linapunguzwa, halimwagwi. Wazo lako lakini ni sahihi, na mimi ningelisikia zamani kama ungeniambia badala ya kunywea. Mengine tutazungumza kesho. Leo shika ngazi, upande uunge waya wa ile televisheni, usiguse kitu nisichokuambia."

Saa nane wajumbe wa kata walikuwa wamekaa safu ya mbele, wamepewa chai na karanga. Stesheni, ambayo haikuwa imechoka, ilikuwa imefika tena mwisho wa fainali. Chi-hung alishuka kwenye ngazi. Pei-shan alibonyeza kitufe kikubwa, akarudi nyuma ukutani, mikono imefungwa kifuani.

Kwenye skrini mtupaji alisugua mpira kwenye paja. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Chumba cha pili kilikuwa kimya. Akajinyoosha, mkono wake ukarudi nyuma. Ndipo wanaume wakapiga yowe, na pumzi moja tu baadaye mpira ukaruka kwenye televisheni ya wanawake, na wanawake wakapiga yowe juu ya yowe la wanaume, hata wajumbe wa kata wakamwaga chai.

Bibi Luo alivua kofia yake, akajipepea nayo.

"Sasa huyu mgeni amekuwa mtu," aliwaambia wajumbe. "Amefika chakula kikiwa cha moto. Mimi naipokea. Nyinyi amueni mnavyotaka, lakini nitakaa hapa hapa nikiwatazama mnavyoamua."

Wajumbe waliinua mikono, wote.

Inspekta Wei alikuwa amekwisha kufika mlangoni na Sajini wake, ndipo Mkurugenzi Kang akamfuata kwa haraka, akatazama nyuma kuhakikisha kwamba vijana wake hawamsikii.

"Afande. Zile pakiti. Zenye tarehe ndefu huuzwa wapi?"

"Duka la chini ya ofisi yako, rafu ya pili," alijibu Inspekta Wei. "Lakini usiende peke yako, Mkurugenzi. Nenda na Dada Tu, usije ukanunua ya njano."